Udi Kwenye Nguo za Mawindo

Baba mkwe wangu alikwenda mawindoni misimu karibu arobaini kabla ya kuwinda mara ya kwanza. Najua sentensi hiyo imekaa vibaya, lakini ndivyo ilivyokuwa, na sina namna nyingine ya kuisema.

Alikuwa mpakiaji wa malori kule Clairwood, Durban, kwenye kampuni ya Mzungu mmoja aliyependa kuwinda. Kila majira ya baridi tajiri huyo na wageni wake walipanda kaskazini, kupita mto Tugela, mpaka kwenye shamba lake la wanyama, na baba mkwe alitolewa ghalani akawabebee. Alibeba bunduki, risasi, maji na viti. Alisoma nyayo. Mnyama akianguka, yeye ndiye aliyemchuna na kumkata. Kisha alirudi nyumbani mikono mitupu. Si kwamba walimnyima nyama. Walimpa, tena minofu. Lakini yeye ni Mwislamu, mtoto wa wale Wazanzibari wa Bluff, kilima cha kando ya bandari ya Durban, na mnyama aliyepigwa bila jina la Mungu kutajwa hakuweza kumtia mdomoni. Miaka yote hiyo alikata nyama asiyoijua ladha yake.

Mwishoni mwa miaka ya tisini alistaafu. Ofisini wakamwuliza anataka zawadi gani, saa ya mkono au redio. Akasema anataka siku moja ya msimu, swala mmoja, na bunduki mkononi mwake. Wakakaa kimya wiki mbili, kisha wakakubali: siku moja, swala pala dume mmoja. Akimkosa, basi. Alipotuletea habari hiyo alisema anataka, kabla hajafa, kula kitoweo cha porini alichokipata mwenyewe kwa Bismillahi. Aliisema mara moja tu, na hakurudia.

Mimi nilikuwa nimeolewa mwaka wa pili. Nilitoka Tanga nikaletwa Durban, tukakaa kwenye fleti ya Berea, ghorofa ya tatu, na baba mkwe alihamia kwetu baada ya mama mkwe kufariki. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi nilifunzwa kwetu kwamba mkwe huheshimiwa kwa umbali: unamwamkia, unamwandalia chakula, unaondoka. Kwa hiyo tuliishi chini ya paa moja kwa adabu kubwa na bila mazungumzo. Shikamoo Baba, marahaba mwanangu, basi, mpaka chakula cha mchana. Jambo lolote zaidi ya hapo lilipitia kwa mume wangu.

Wiki ile ya kujitayarisha ndiyo iliyonifanya nimwone. Jumatatu alitandika shuka sebuleni akaanza kupanga vitu vyake. Visu vitatu: kirefu cha kuchinjia, kilichopinda cha kuchunia, kidogo cha kupitisha kwenye viungo. Kinoo. Kamba. Chumvi ya mawe kwenye kopo. Darubini kuukuu yenye jicho moja lililopasuka, aliyoachiwa na mgeni fulani wa tajiri. Aliniagiza, kupitia mume wangu ingawa nilikuwa nimesimama pale pale, nimshonee mifuko minne ya marekani ya kutilia nyama. Nikashona. Siku zile nilipita sebuleni na sufuria, nikapita na ufagio, nikapita na sufuria tena, sina kazi yoyote upande ule, ilimradi nione.

Kila kitu cha chuma alikivisha kitambaa. Visu vikavishwa, kopo likavishwa, hata kijiko. Vya kutumika mwisho vikaenda chini, vya kwanza vikakaa juu. Alipomaliza aliuvaa mfuko mgongoni, akazunguka meza, kisha, mzee yule wa miaka sitini na kitu, akaruka. Akaruka mara mbili katikati ya sebule, amefumba macho, anasikiliza. Mfuko haukutoa hata neno. Ulikuwa kimya kama msikiti saa nne asubuhi. Nilisimama na sufuria yangu ya maharage nikasahau nilikokuwa nakwenda. Maisha yangu yote nimeona watu wakifunga mizigo, na sikujua hata siku moja kwamba kuna ujuzi ndani yake.

Kisha akafungua kamba za pembeni, akakunja uso. Alikuwa amefungia kiti chetu cha kukunja cha barazani, na chupa yangu ya chai. Baba mkwe hakai kwenye kiti porini, wala hanywi kitu cha moto mpaka arudi. Vile vilikuwa vya tajiri. Mikono ilimpakia tajiri wakati kichwa kiko kwingine. Alivitazama, akacheka kicheko kifupi cha puani.

"Eish," akasema, akiiambia chupa. "Mikono hii iko na akili yake."

Nikakimbilia jikoni nikacheke huko, maana kumcheka mkwe si heshima.

Matata yalikuja kwenye nguo. Alikuwa na suruali ya kaki, shati, sweta na kofia. Hakunipa nifue. Alizifua mwenyewe kwa maji matupu, bila sabuni, akazianika barazani siku mbili, mchana na usiku. Siku moja alipanda basi kwenda Bluff, akarudi na gunia la nyasi kavu alizokata kwenye mteremko, huko ambako nyumba ya wazazi wake ilikuwepo kabla serikali ya wakati ule haijawahamisha. Nguo akazizika ndani ya gunia hilo. Alhamisi nilichungulia. Zilinuka udongo na majani yaliyolala.

Kuuliza si ujinga, watu husema. Nadhani waliosema hivyo hawajawahi kuwa mkaza mwana wa mtu. Mimi sikuuliza. Niliwaza: mzee huyu safari hii haendi kama mbebaji, anakwenda kama mgeni. Wakimpokea ananuka udongo watasema nini? Watasema hana mtu nyumbani. Na huyo mtu wa nyumbani ni nani kama si mimi?

Alipokwenda kusali alasiri nilizitoa nguo zote. Nikazifua kwa sabuni ya waridi, nikazianika chumbani kwetu usiku kucha, nikazipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama. Kisha nikatoa chetezo, nikatoa tenga, nikatoa udi alionifungia mama yangu siku ya harusi, ambao nilikuwa nautumia kwa kuubania, kipande kidogo sikukuu kwa sikukuu. Nilitia karibu nusu yake. Nikazitandaza nguo juu ya tenga, nikazigeuza, nikazigeuza tena, mpaka kila uzi ukanywa. Nikazifunga kwenye begi langu zuri la zipu. Nikamwambia mume wangu amwambie Baba kwamba nguo tayari nimezifunga. Baba akajibu, kupitia mume wangu, kwamba ahsante. Alidhani nimelitia lile gunia lake begini tu.

Mume wangu alikuwa zamu bandarini na ruhusa alinyimwa, na Baba hajui kuendesha. Kwa hiyo dereva nikawa mimi, niliyepata leseni miezi mitatu nyuma na ambaye bado nilikuwa nasimamisha gari robot, yaani taa ya barabarani, ikiwa ya kijani, kwa uangalifu. Gari tuliazima kwa jirani yetu Mkongomani mwenye saluni chini ya fleti. Ijumaa baada ya sala aliponipa ufunguo, nilipita mbele yake na begi, akanusa hewa.

"Eh, Mama! Hii sac iko na parfum ya mariage. Papa anaenda kuoa kule mu brousse?"

Nikacheka kwa fahari kwamba begi langu linanuka harusi. Nikadhani nimesifiwa.

Njiani tulipita mashamba ya miwa saa nzima bila neno. Baba alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa na koti, mfuko magotini, dirisha wazi. Kila nilipobadilisha gia vibaya alifumba macho, lakini hakusema kitu. Begi lilikuwa nyuma, chini ya turubai.

Tulifika jua likiwa bado juu kidogo. Mtoto wa tajiri, kijana mrefu aliyekuwa akisimamia shamba, alitusalimia kwa Kizulu, akatuonyesha nyumba ya wageni. Miguu ya Baba ilikuwa imeshashika njia nyingine, ya kwenda kwenye banda la kuchunia ambako wabebaji hulala, ikabidi aitwe. Aliingia chumbani akakaa ukingoni kabisa mwa kitanda, kama anayekilindia mtu mwingine.

Kisha kijana akaleta bunduki wakaijaribu. Waliweka karatasi kwenye kichuguu, hatua mia hivi. Baba alikuwa amezibeba, amezisafisha, amezipaka mafuta bunduki za watu kwa miaka yote hiyo, na hakuwahi kufyatua hata risasi moja. Sheria za enzi zile hazikumruhusu mtu wa rangi yake kuota jambo hilo. Alilala chini na kanzu yake, akapumua, akapiga. Karatasi ikatoboka katikati. Akapiga ya pili, ikaingia kando ya ya kwanza. Kijana akapiga mluzi. Mimi nilishika mdomo. Ujuzi wote ule ulikuwa umelala ndani ya mtu niliyekuwa namdhania kazi yake ni kunywa uji na kusikiliza habari.

Akaingia ndani kuangalia nguo zake za kesho. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nje, na harufu ilinifikia kabla yake. Kule, kwenye hewa kavu ya baridi isiyo na kitu ila majani, udi ule ulitoka mlangoni kama bibi harusi. Baba alinifuata akiwa ameshika shati kwa vidole viwili. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alikaa kwenye ngazi, shati magotini, akalitazama.

"Mwanangu," akasema, na mara hii hapakuwa na mume wangu wa kupitishia maneno, "swala anaona kwa pua. Hii ni barua umemwandikia kwamba nakuja."

Ndipo nikaelewa kila kitu kwa mpigo: maji matupu, baraza, gunia, nyasi za Bluff. Siku moja aliyoingojea maisha yake yote, na mimi nimeifukiza. Mimi nina tabia mbaya, nikikosa hukasirika kwanza ndipo nijute. Nilimkasirikia yeye kwa kutoniambia, nikamkasirikia mume wangu kwa kubeba ujumbe nusu nusu, nikamkasirikia na mama yangu na udi wake. Kijana alijitolea kumwazima nguo, lakini nguo zake zingemtosha Baba mara mbili, tena zilinuka tumbaku na petroli. Kanzu nyeupe porini ndiyo usiseme. Baba alisema basi, atakwenda hivyo hivyo, Mungu ndiye mpaji. Alisema kwa sauti ya mtu anayerudisha kitu alichoazima.

Hapo ndipo nilipomwuliza swali langu la kwanza tangu niolewe.

"Baba, huyo mnyama anapenda harufu gani?"

Alinitazama kama mtu aliyesikia paka akisema.

"Yake mwenyewe," akajibu. Akafikiri. "Na ng'ombe, hamwogopi. Na moshi wa nyasi. Majira haya nyika yote inanuka moshi, iko moto huku, iko moto kule. Hashtuki."

"Basi nipe mwanga wa jua uliobaki," nikasema, na nikainuka.

Kazi hiyo naijua. Nguo nilizisuuza mara tatu kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, nikazikamua mpaka viganja vikauma. Nikapata debe kuukuu lililotoboka, hilo likawa chetezo. Kreti ya maziwa ikawa tenga. Badala ya udi nikatia mavi makavu ya ng'ombe, nyasi, na majani ya vichaka ambayo Baba aliyakata mwenyewe, akiyanusa moja moja na kutupa mengine. Moshi una adabu zake: ukiwa mkali unaacha harufu ya kuungua, ukiwa mchache haushiki. Unasubiri uwe mweupe, mzito, mvivu, ndipo unatandaza nguo, na hapo huondoki. Niligeuza shati, nikageuza suruali, nikatia mkono ndani ya kila mfuko kuufungua. Zilikauka juu ya moshi huo huo.

Baba alikaa upande wa pili wa debe akinipa nyasi. Aliangalia mikono yangu kwa muda mrefu.

"Nani amekufundisha?"

"Mama."

"Mama yangu pia alifukiza hivi," akasema. "Kule Bluff. Hata malori ya kutuhamisha yalipokuja, kwanza alifukiza shuka, ndipo akafunga mzigo. Akasema hahami ananuka hofu."

Nilifikiria mwanamke yule ambaye sikumkuta, anafukiza shuka huku watu wa serikali wanasubiri mlangoni, na heshima niliyoihisi ilikuwa kubwa kuliko ile niliyofundishwa. Tukaongea mpaka jua likazama, juu ya mama zetu, juu ya nyayo, juu ya namna upepo unavyoteremka bondeni alfajiri. Mwisho akachukua shati, akauzika uso ndani yake, akavuta pumzi.

"Sharp," akasema, yaani imekaa sawa.

Asubuhi alisali na kanzu yake, kwa kuwa kwetu sisi Mashafii mavi ya mnyama ni najisi hata yakiwa moshi mzuri kiasi gani. Ndipo akaivua akavaa zile nguo. Mimi nilidhani nitabaki, lakini aliniita. "Aliyefukiza aje aone." Basi nami nikasimama juu ya debe na baibui langu lote, nikajifukiza kama samaki wa kubanikwa.

Tulitembea watatu: Baba mbele na bunduki, kijana nyuma yake kwa sababu sheria ya shamba ilimtaka awepo, mimi mwisho. Nyasi zilikuwa na umande ulioganda. Baba aliokota vumbi, akaliachia, akaangalia linakoelekea, akabadili njia. Akafanya hivyo mara nyingi sana. Mfuko mgongoni mwake haukusema kitu. Tulifika kwenye kichaka cha miiba, akatukalisha kwa kiganja.

Yule dume alitoka katikati ya miti hatua themanini mbele yetu. Sikumwona akija. Palikuwa na miti, kisha palikuwa na yeye. Pembe zilipanda, zikapinda, zikapanda tena, na jua la kwanza lilikuwa limemshika ubavuni. Nilikuwa nimeona swala kwenye noti na kwenye makopo ya biskuti, na nikadhani nimewaona. Aliinua pua upande wetu. Masikio yakageuka. Niliogopa hata mawazo yangu yananuka. Alivuta hewa, akavuta tena, mvuke ukimtoka puani, na ndani ya hewa ile kulikuwa na mimi, na mama yangu, na mama yake Baba. Kisha akainamisha kichwa akaendelea kula.

Baba mkwe aliinua bunduki, akaigeuza mdomo juu, akamnyooshea kijana kitako.

Mkono ulinyooka wenyewe, taratibu, bila sauti, kama ulivyomnyookea tajiri misimu arobaini. Kijana alifumbua mdomo. Uso ukamwiva. Baba akaisogeza bunduki zaidi kidogo, kama kwamba huenda hajaiona. Kijana akatia mikono yote miwili mifukoni, akatazama chini. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona mshipa wa shingo ya Baba ukipiga. Nilitaka kumwambia ni yako, Baba, ni yako, lakini sauti ingemfukuza mnyama, basi nilisema kwa macho, na yeye alikuwa hanitazami. Alitazama mkono wake mwenyewe. Akaurudisha kidogo kidogo, mpaka kitako kikafika begani pake. Midomo ikacheza. Nilisikia Bismillahi, na Allahu Akbar, kisha mlio ukaipasua asubuhi.

Dume aliruka, akakimbia hatua kumi na tano, akaanguka. Na Baba akakimbia. Mzee ambaye kwetu alipanda ngazi za fleti kwa vituo vitatu alikimbia kwenye nyasi zile na kisu mkononi, nami nyuma yake nimekusanya baibui. Alimkuta bado anapumua. Kule kibla kiko kaskazini. Tulimgeuza, mimi nikashika miguu ya nyuma, naye akachinja mara moja, safi, akilitaja tena jina la Mungu kwa sauti kubwa, kwamba asiwepo mtu wa kutilia shaka. Kisha akabaki amepiga magoti, kiganja juu ya shingo ile yenye joto, mpaka ikatulia kabisa.

Alichuna mwenyewe. Kijana alipouchukua mfuko na kuuvaa mgongoni kwake, nusura Baba amnyang'anye.

Kwenye banda aliwasha moto mdogo, akakata ini vipande, akatia chumvi, akachoma kwenye kijiti. Akaninyooshea mimi kipande cha kwanza. Nikakataa, mkubwa huanza. Akakitia mdomoni. Alitafuna polepole, ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza habari kutoka mbali. Nikangoja.

"Kumbe," akasema.

Akatafuna tena.

"Kumbe ndivyo ilivyo."

Baba mkwe hatazamwi akilia. Nikamgeuzia mgongo nikachochea moto, nikamsikia anakata kipande kingine.